Filta Tupu

Ndugu yangu mwenye lori, neno hili ni lako kwanza, kisha la fundi wako, kisha la dereva.

Taa ya filta ya moshi ikiwaka na injini ikakataa kuvuta, hutakosa mtu wa kukushauri uitoe. Kopo la chuma lililo chini ya lori litafunguliwa na kupasuliwa kwa grainda, kauri ya ndani ing'olewe yote, kisha kopo lichomelewe na kurudishwa mahali pake, nawe ukitazama kwa nje huoni tofauti. Atakuja na mwingine mwenye kompyuta, aifanye injini isahau kwamba iliwahi kuwa na filta. Taa itazimika na lori litavuta kama jipya. Nakusihi usikubali.

Kauri hiyo ina vijia vyembamba maelfu, kila kimoja kimezibwa upande mmoja, ili moshi ulazimike kupenya kuta zake na kuyaacha masizi. Masizi yakizidi, injini huyachoma yenyewe kwa joto la nyuzi kama 600, likabaki jivu. Kazi ya filta ni ile ya kifumbu jikoni. Kikijaa machicha, mpishi hukikung'uta na kukiosha. Akikipasua, tui litashuka haraka, na wote watakula machicha.

Malori mengi tunayoyapokea katika bandari ya Kilindini, Mombasa, yalitumika Japani kwanza. Huko, mwaka 1999, gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, aliwaonyesha watu chupa yenye masizi ya dizeli ili waone wanachovuta kila siku. Kuanzia Oktoba 2003 Tokyo na mikoa mitatu jirani ikayazuia malori ya dizeli yasiyotimiza kiwango cha masizi. Watu wale walidai hewa yao, wakapewa. Lori lililotengenezwa kwa masharti hayo likishafika kwetu, kwa nini tuone kwamba kinga ile haituhusu? Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi moja na sigara, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Wewe unalala Tudor, upepo wa mkono wa bahari unaingia dirishani. Lori lako linakesha Jomvu na Miritini, mlangoni pa mama anayekaanga mahamri alfajiri. Akiba uliyoipata kwa kung'oa filta analipa yeye, na hukumwuliza.

Najua gharama. Filta mpya ni ghali, na lori lililosimama halilipi mkopo wa benki. Lakini sikiliza jambo ambalo fundi mwenye haraka hakwambii: filta hulaumiwa, na mara nyingi mgonjwa ni mwingine. Nozeli inayovuja inamwaga dizeli kupita kiasi. Tabo iliyochoka inapitisha oili. Oili isiyo ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji huacha jivu jingi, na jivu halichomeki hata ufanyeje. Dizeli nayo ina makosa yake. Tangu Januari 2015 Kenya na jirani zake walishusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, jambo lililozisaidia sana filta hizi. Lakini wako waliokuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa, hadi mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili biashara hiyo isilipe. Anayenunua dizeli ya madumu kando ya barabara kwa bei ya kutupwa hawezi kujua anaiwekea injini yake kitu gani.

Basi tibu chanzo. Kisha filta itolewe, ichomwe katika tanuri na kupulizwa kwa upepo kutoka upande wa pili, na wanaoijua kazi hiyo. Kuipiga maji ya presha na sabuni ni kuihatarisha kauri. Ikiwa imepasuka, ndipo inunuliwe nyingine.

Na wewe fundi. Tudor ina historia katika kazi yako. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoko hapo Tudor, kilianza kama MIOME, chuo kilichowafundisha ufundi vijana Waislamu wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1950. Mteja akikuambia “ng'oa tu,” mweleze kwanza ugonjwa ni nini, dawa yake ni ipi na bei yake ni ngapi. Usijifiche nyuma ya neno “nimetumwa.” Programu za Volkswagen za kudanganya vipimo vya moshi zilipogunduliwa mwaka 2015, mhandisi mmoja aliyeshiriki kuziunda alihukumiwa na mahakama ya Marekani miezi 40 gerezani, naye alikuwa mwajiriwa. Mkono ulioshika kompyuta una hesabu yake.

Kama filta ilikwisha ng'olewa, nawe sasa unauza lori, mwambie mnunuzi. Wengi wetu tuliisikia madrasa habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita kwenye lundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani na kukuta umande. Muuzaji alisema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa, watu wakione. Kopo lililochomelewa vizuri juu ya utupu ni lundo lile lile. Punguza bei na useme ukweli, hata akighairi.

Dereva, mwanangu, taa ikiwaka usiizoee. Filta hujichoma vizuri injini ikiwa moto na lori likienda mwendo mmoja, nawe unashinda kwenye foleni ya Changamwe ukizima na kuwasha, kazi ikikatika njiani kila mara. Ukitoka Mazeras kuelekea Mariakani, liache lori liende mwendo wake sawasawa hadi limalize. Ikibidi kubonyeza swichi ya kuchoma ukiwa umesimama, simama mbali na nyasi kavu na mbali na watu, kwa sababu bomba huwa moto mno. Oili ikipanda juu ya alama yake, ujue huenda dizeli imeingia humo. Mpigie tajiri siku hiyo hiyo.

Nawe tajiri, akikupigia, usianze kwa kumfokea wala kumtishia kumkata mshahara. Dereva anayekatwa pesa kwa kila taa anayoisema ataacha kuzisema, na utakuja kuzisikia kwa fundi, injini ikiwa imeshakufa. Nusu saa aliyosimama Mariakani filta ikijichoma ihesabu kuwa saa ya kazi, na umlipe.