AC ya Tukuyu Si ya Joto

Kila kiangazi huteremka gari jipya kutoka Uyole. Jipya kwetu, maana Japani limeshatembea likazeeka. Prado, Escudo, Jimny, RAV4, mradi linavuta matairi manne, kwa kuwa huku Rungwe mwenye akili zake hapeleki gari la chini Mwakaleli mwezi wa Machi. Viti bado vina nailoni. Mwenyewe kalitoa bandarini Dar es Salaam kwa usingizi wa mang'amung'amu, na akifika Tukuyu hata hapumziki. Anazunguka stendi, anapandisha Bulyaga, anasimama kwa shemeji yake bila ya shida yoyote. Tunampongeza kwa moyo mmoja. Kauza parachichi, kakopa, kajinyima nyama. Mimi nakunywa chai yangu na kungoja Desemba.

Desemba mvua imeshika. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu wa Isongole haubishi hodi. Ndani ya gari wamo watu sita wenye makoti mabichi, wote wanapumua, na kioo cha mbele kimekuwa cheupe pe. Ndugu yetu mkono mmoja uko kwenye usukani, wa pili una kitambaa. Anafuta kitundu, anachungulia hapohapo, na malori ya Kasumulu yanapanda kumkabili. Ukimwambia, "Washa AC, mwanangu," anacheka mpaka abiria nao wanacheka. "AC, babu? Na baridi hii?"

Nimelisikia jibu hilo kwa baba, sasa nalisikia kwa mtoto wake. Sina hasira nalo. AC tumeizoea kwa habari za watu wa Dar es Salaam na joto lao, kwa hiyo sisi wa migombani tukaiona kuwa anasa ya wengine. Lakini kazi yake nyingine ni kukausha hewa. Unyevu unagandia kwenye vibomba vyake vya baridi na kutiririka nje chini ya gari, yale matone unayoyaona gari likisimama. Iwashe pamoja na hita, elekeza upepo kwenye kioo, na kioo kitakuwa safi kama kilivyozaliwa kabla hujamaliza kulalamikia bei ya mbolea.

Tuseme basi amekubali. Anabonyeza, anazungusha feni mpaka mwisho, inavuma kweli kweli, na upepo unaotoka hauzimi njiti ya kiberiti. Kumbe.

Magari mengi ya siku hizi yana filta mbili za hewa. Moja ni ya injini, hiyo kila gereji wanaijua. Ya pili ni ya hewa mnayovuta ninyi mliomo ndani. Wengi huiita filta ya AC, na kwenye mengi ya haya ya Japani imejificha nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Mtu anafika gereji, anasema "nibadilishieni filta", wanambadilishia ya injini, analipa, anaondoka ameridhika. Injini inavuta hewa safi. Mtoto kiti cha nyuma anakohoa.

Na vumbi letu si la kudharau. Mlima Rungwe ulilipuka miaka kama 4,000 iliyopita ukamwaga pumisi kila upande, ndiyo maana udongo unatupa ndizi na chai bila kubembelezwa, na ndiyo maana barabara zisizo na lami, za kwenda Masoko au za katikati ya mashamba ya chai, hutoa unga laini unaopenya kila tundu kuanzia Juni mpaka Oktoba. Unga huo unaingia filtani. Kisha mvua inaanza, majani ya mikaratusi yanajikusanya chini ya kioo pale hewa inapoingilia, yanaoza, na ule unga unapata maji. Sasa una tope. Mama akisahau kukung'uta chujio la chai, kikombe cha tatu hakijai hata akiinua birika namna gani. Wala hakuna anayesema birika ndilo bovu. Kwenye gari tunasema feni imekufa.

Fundi wa kando ya barabara ana dawa yake: anaing'oa filta, anaitupa. "Mzee, sasa linapumua!" Na kweli linapumua, ndiyo maana naye simlaumu sana, kwa sababu mteja anaondoka na tabasamu na elfu chache zinabaki mezani. Miezi michache vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye vibomba vya AC, linashikana na unyevu, na gari linaanza kunuka soksi mbichi. Bomba la kutolea maji linaziba, maji yanarudi ndani, kapeti la abiria linalowa, na mwenye gari anamsingizia mtoto. Mwisho wake dashibodi nzima inashushwa chini, gesi inatolewa, na ikirudishwa kuna skrubu tatu zimebaki mkononi mwa fundi asijue za wapi. Rahisi imekula mtaji wote wa parachichi.

Wapo pia waliouziwa mbuzi kwenye gunia: gari lina nafasi ya filta lakini tangu kiwandani halikuwekewa, nafasi imezibwa kwa plastiki. Hapo pa kukata, akate mwenye subira. Nimemwona kijana akipitisha kisu kilichochomwa motoni. Tundu likawa pana kuliko kifuniko, hewa ikapita pembeni, na vipande vya plastiki vikaangukia kwenye feni. Kila wakiwasha linatetemeka.

Penye nafasi yake, kazi ni ya dakika chache. Toa vitu kwenye droo, pamoja na risiti za mwaka juzi. Bana kuta zake mbili ziingie ndani, droo itaning'inia. Kama kuna mkono mdogo wa kuizuia pembeni, uchomoe kwanza, usiuvunje. Ndani utaona kifuniko chembamba chenye vibanio. Vuta filta polepole ikiwa imelala vilevile, la sivyo takataka zote zinamwagikia feni. Mpya ina mshale. Ikiandikwa UP, mshale uangalie juu. Ikiandikwa AIR FLOW, ufuate hewa inakoelekea, ambako kwa mengi ya haya ni chini, kwenye feni. Ukiigeuza itaingia tu, haitakugombeza.

Usiifue. Najua, mmezoea kufua kila kitu. Ya karatasi ikiguswa na sabuni imekwisha, na kwa jua la Tukuyu utaianika mpaka Pasaka. Kipande cha godoro nacho si filta.

Watengenezaji wengi husema kilomita 15,000 hadi 30,000 au mwaka mmoja, na penye vumbi upunguze. Kwa huku kwetu mwisho wa Oktoba unafaa, vumbi limekwisha na mvua haijashika. Ukienda kuinunua Mwanjelwa, beba ile ya zamani waipime kando ya mpya, maana Prado na Prado hazilingani, na muuza duka akikosa yako atakupa ya jirani. Na ukiwa hapo, angalia kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Ulikibonyeza Julai kuzuia vumbi la njiani. Mpaka leo kimewaka, na pumzi zenu sita zinazunguka humohumo.