Haki katika Uchaguzi wa Umeme

Serikali ya nchi inayoendelea ikitafuta chanzo kipya cha umeme, kwanza hupiga hesabu ya bei ya uniti. Hesabu hiyo haikwepeki, ila haisemi nani atawashiwa taa na nani atabebeshwa madhara. Kukosa umeme nako ni madhara: mpishi wa kuni huvuta moshi kila siku, na zahanati isiyo na friji haiwezi kutunza chanjo. Kukataa kila mradi, basi, si uadilifu. Fikihi, yaani sheria ya Kiislamu inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Kenya, inafundisha kwamba madhara yaondolewe, lakini si kwa kumtwika mwingine madhara ya namna ileile.

Kwa kipimo hicho, makaa ya mawe hushindwa mapema. Mtambo wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Kwasasi, Lamu. Wavuvi walihofia maji ya moto yatakayorudishwa baharini, na majivu yatakayorundikwa karibu na makazi. Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni, sababu moja ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Upepo hauna moshi, lakini nao una kesi zake. Mitambo 365 ya Loiyangalani, yenye megawati 310, imesimama katika ardhi ya wafugaji, na umeme wake husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mwaka 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kuwa hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha utaratibu.

Nyuklia ndiyo ngumu zaidi kuipima. Reakta huzalisha umeme usiku na mchana bila kutoa hewa ukaa, na kwa kila uniti imeua watu wachache mno kuliko makaa ya mawe. Hata hivyo, mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga reakta iliyopangwa kujengwa kwao. Fueli iliyotumika hubaki na plutoniamu-239, ambayo nusu yake tu huisha baada ya miaka 24,000 hivi. Mwanafalsafa Hans Jonas alitoa hoja mwaka 1979 kwamba uwezo wa kuwadhuru watu wa mbali kiasi hicho huzaa wajibu kwao, ingawa hawajazaliwa. Hoja hiyo huyabana makaa ya mawe pia: hewa ukaa yake hudumu angani kwa karne nyingi, na hakuna pipa linaloizuia.

Tofauti kubwa, basi, ni kama kosa linarekebishika. Hati ya ardhi hubatilishwa, na mtambo wa upepo hung'olewa. Kenya ina bahati ya kuwa na upepo, pamoja na mvuke wa Olkaria unaozalisha umeme tangu 1981 bila kungoja mvua. Nchi isiyojaliwa hivyo yaweza kuchagua reakta kwa haki, mradi itenge fedha za kuhifadhi mabaki kabla ya kuuza uniti ya kwanza, na wanaopangiwa kuishi jirani nayo waulizwe kabla eneo halijateuliwa.