Mchicha wa Macon

Mwaka 1997 wakulima wa pamba wa Georgia, kusini mwa Marekani, walianza kupanda mbegu iliyobadilishwa vinasaba ili isidhurike na glaifoseti, dawa ya kuua magugu. Kazi ikawa rahisi mno: unanyunyizia shamba zima, magugu yanakauka, pamba inabaki. Wengi wakaacha dawa nyingine. Msimu hadi msimu, dawa ile ile.

Gugu lililowasumbua zaidi ni ndugu wa mchicha wetu, Amaranthus palmeri. Mmea huu ukiuacha unapita kimo cha mtu, na mmea jike mmoja huzaa mbegu laki kadhaa. Mwaka 2004, katika kaunti ya Macon, ulionekana umesimama imara baada ya kunyunyiziwa. Kwa kawaida mkulima akiona hivyo hulaumu mvua, au pampu, au muuza dawa, kisha anaongeza kipimo. Hapo ndipo anapoharibu. Dawa humaliza mimea dhaifu na kuiachia shamba ile sugu, ambayo ilikuwamo tangu awali, michache. Halafu upepo hubeba chavua yake hadi kwa jirani asiye na hatia.

Glaifoseti huua kwa kukizuia kimeng'enya ambacho mmea hauwezi kuishi bila hicho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mchicha sugu wa Georgia ulikuwa na nakala za jeni ya kimeng'enya hicho nyingi mara 5 hadi zaidi ya 160 kuliko ule unaokufa. Kimeng'enya kikiwa kingi, dawa inazidiwa. Leo maabara huweza kuzihesabu nakala hizo kwenye kipande cha jani, hata mche ukiwa bado haujachanua.

Ila kipimo cha maabara hujibu kile tu kilichoulizwa. Yako magugu yanayoivunjavunja dawa kabla haijafika inakokwenda, na kipimo cha jeni moja hakiwezi kuyanasa. Kwa hiyo wataalamu bado huotesha mbegu kwenye vyungu, wakainyunyizia miche dawa, wakasubiri.

Georgia ilipojua, mbegu za mchicha sugu zilikuwa zimeshajaa udongoni. Wakulima wenye matrekta makubwa wakarudi kuajiri vibarua wa palizi, kwa jembe na kwa mkono. Hata kung'oa peke yake hakukutosha: mchicha huo ukilazwa kwenye udongo wenye unyevu huweza kushika mizizi tena, hivyo ilibidi ubebwe hadi nje ya shamba.