Njaa Isiyotoka Tumboni

Aprili ikifika Watamu, pwani ya Kenya, masika yanaanza, kusi inachafua bahari, hoteli nyingi zinafungwa. Mhudumu anaambiwa arudi Julai. Saa tatu usiku, ameshakula wali kwao akashiba, utamkuta kwa muuza viazi karai. Anakula amesimama, ukwaju ukimchuruzika vidoleni, sahani ya pili kabla hajaijua ladha ya kwanza. Tumbo halikuomba. Aliyeomba ni moyo uliopokea simu ya meneja mchana.

Ndugu yangu, ukijiona hapo, acha kujiita mlafi. Matusi hayo ndiyo yatakayokurudisha kwa muuza viazi kesho.

Mwili ukikaa na wasiwasi siku nyingi hutoa homoni ya kotisoli, nayo huchochea hamu ya mafuta na sukari. Mwaka 2003 Mary Dallman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza kwamba vyakula hivyo hupoza ule msukosuko wa ubongoni. Yaani viazi vinafanya kazi kweli! Ila kwa muda tu, na karo ya mtoto iko palepale.

Mzizi mwingine ni wa utotoni. Daktari wa akili Hilde Bruch aliandika mwaka 1973 kwamba mtoto anayelishwa kila anapolia, awe na njaa au hofu, hukua asijue kuzitenganisha. Nani kati yetu hakuambiwa, “Nyamaza, nitakununulia mabuyu”? Mama alifanya kwa mapenzi, simlaumu. Lakini sasa u mtu mzima, na bado unajinyamazisha kwa mabuyu.

Basi amka! Leo hamu ikikushika, isimamishe mlangoni uihoji: hata ugali wa baridi na mchicha ungekula? Ukisema ndiyo, keti ule kwa raha. Ukitaka viazi tu, hapo kuna jambo limekukaba. Mpigie mwenzako mliyesimamishwa naye kazi, umweleze lililokusibu. Toka utembee. Lia, hata kama u mwanamume. Hamu hupanda ikashuka kama maji ya hori ya Mida, ingoje. Na kama umefika pa kula kwa kujificha mpaka tumbo linauma, mwone daktari, usione haya.

Kuna usiku utateleza. Asubuhi yake usijiadhibu kwa kushinda njaa, maana njaa hiyo itakudai jioni. Kunywa chai, kula mahamri yako na mbaazi, uendelee na safari.