Damu ya Baba Inasema Nini?



Mwezi uliopita wazee wa pande mbili walikaa hapa kanisani kwa ajili ya uchumba wa vijana wawili. Swali la kwanza halikuwa juu ya tabia ya kijana, bali: "Baba yake ni mtu wa wapi?" Mama yake, aliyembeba mgongoni tulipokimbia na kumlea peke yake, hakutajwa. Nikajiuliza: je, ukoo wa baba unatosha kumpima mtu?

Wataalamu wa urithi hufuata kromosomu Y, ambayo baba humpa mtoto wa kiume tu, naye humpa mwanawe, karibu bila kubadilika. Tawi lake moja huitwa R-V88. Leo liko kwa wingi kaskazini mwa Kameruni na katika sehemu za Chad, hasa kwa wasemaji wa lugha za Kichadi. Watafiti wengi hulihusisha na wafugaji waliopita Sahara maelfu ya miaka iliyopita, wakati jangwa lile lilikuwa na maziwa na malisho. Lakini tawi hilohilo limeonekana katika mifupa ya kale ya Sardinia na Serbia, na matawi ndugu zake yamejaa Ulaya Magharibi.

Basi kwa mstari wa baba, mkulima wa Kameruni anaweza kuwa karibu zaidi na mtu wa Ireland kuliko na jirani yake wa mlango wa pili. Je, tumwambie arudi "kwao" Ireland? Tutachekwa. Lugha yake, mama zake na makaburi yake viko Afrika.

Hesabuni nanyi. Vizazi 10 nyuma, kila mtu ana nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Kromosomu Y inamtaja mmoja tu. Wale 1,023 nao ni wazazi wetu.

Sisemi ukoo ni bure. Kaburi la baba yangu liko ng'ambo ya mpaka, na jina lake ni kati ya vitu vichache nilivyovuka navyo. Lakini kwenye vizuizi vya barabarani tuliona watu wakiulizwa jina la baba, na jibu likawaua. Hata orodha ya ukoo katika Mathayo 1, inayokwenda baba kwa baba, haikumficha Ruthu, mwanamke mgeni kutoka Moabu.

Jina la baba litukumbushe njia tuliyopita. Lisituamulie nani ni ndugu.

Wazee wale watakaa tena Jumamosi. Naomba safari hii mama wa kijana apewe kiti.

Mchungaji wenu