Mtaa Huu ni wa Nani?

Lugha yetu ina kiambishi ambacho walimu hukipita upesi darasani: u- ikitangulia jina la watu na -ni ikifuata. Kwa viungo hivyo viwili tumepata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, yaani mtaa kutajwa kwa wakazi wake. Jambo hili si la sarufi tupu. Siku hizi madalali wa nyumba huonyesha mitaa katika intaneti, na katika nchi kadhaa hueleza pia ni watu wa namna gani wakaao humo. Twauliza basi: je, ni haki kumweleza mtafuta nyumba habari za majirani kana kwamba nao ni sehemu ya mali inayouzwa?

Tuanze na Dar es Salaam, ambako majina hayo yalikomaa. Sheria za ujenzi za Wajerumani, na baadaye za Waingereza, ziliugawa mji katika kanda tatu. Katika maandishi, kanda hizo zilihusu majengo: huku nyumba za namna ya Kizungu, pale za biashara na makazi pamoja, na kule za namna ya kienyeji. Mwananchi hakudanganyika. Alitazama nani hasa anakaa wapi, akasema Uzunguni. Aliyefungiwa nje ndiye aliyetaja watu. Aliyefunga mlango alitaja matofali. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kila ataje watu wa mtaa ni mbaguzi, wala kwamba kila anyamazaye ni mwadilifu.

Malawi ilichukua njia nyingine, ya namba. Lilongwe ulipofanywa mji mkuu mwaka 1975 badala ya Zomba, wapangaji wake waliita mitaa Area 10, Area 25, Area 43, na kuendelea. Namba hizo hazifuatani ardhini, na mgeni hupotea kwa urahisi. Hazitaji kabila wala rangi. Makazi yalipangwa kwa kadiri ya msongamano, mdogo au mkubwa. Lakini leo mtu akitaja Area 43, msikilizaji ameshaona ukuta mrefu na bustani. Akitaja Area 25, ameshaona nyumba zilizobanana. Namba imejifunza kusema yaliyokuwa yakisemwa na jina. (Nasi tusijisifu: neno uswahilini, lililokuwa la watu, tumeligeuza wenyewe kuwa tusi la umaskini na fujo.)

Yapata kilomita 40 na ushei kutoka hapo, katika wilaya ya Dowa, iko Dzaleka. Zamani za Rais Banda palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi, iliyokusudiwa watu wapatao 10,000, nao sasa wamepita 50,000. Wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Hapa kitambulisho cha mahali kimemmeza mtu kabisa. Kijana aliyezaliwa humo hakukimbia popote, lakini akisema anakotoka, amekwisha kuitwa mkimbizi.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mnamo 1987, iliweka masharti yake, likiwamo la haki ya kuchagua mahali pa kukaa. Wengi hata hivyo walipanga nyumba na kufungua maduka mjini Lilongwe, mpaka amri ya mwaka 2023 ilipowataka wote warudi kambini, na wengine wakakamatwa. Hapo swali la "anatoka wapi?" halikuwa la udadisi tena.

Mkongo mgeni mjini huuliza, "Wasemao Kiswahili wanakaa wapi?" Anamtafuta mtu wa kumfasiria hospitalini, na kanisa au msikiti atakakoelewa mahubiri. Mwenye nyumba naye huuliza, "Wewe ni mtu wa Dzaleka?" Maarifa yanayotafutwa ni yale yale. Atatokea wa kutupinga: tajiri naye si anatafuta watu wa namna yake tu? Ndiyo, lakini tutazame litakalompata yule anayetajwa. Swali la kwanza halimwondoi mtu mahali pake. La pili laweza kumlaza nje usiku huo.

Kwa dalali hukumu yetu ni kali zaidi, maana yeye haulizi kwa haja yake. Anauza paa, maji, na umbali wa kufika shuleni. Jirani hakumpa idhini ya kumtia katika tangazo. Marekani ilipiga marufuku matangazo ya nyumba yenye upendeleo wa rangi kwa sheria ya mwaka 1968, na mwaka 2021 kampuni ya Redfin ilikataa kuweka takwimu za uhalifu wa mitaa katika tovuti yake, ikihofia kuchochea ubaguzi. Tunaunga mkono hatua hiyo, ingawa alama za shule zingali zikionyeshwa, nazo husomwa na wengi kama namba za Lilongwe zinavyosomwa.

Sehemu za Dzaleka nazo zina majina: Kawale, Likuni, Zomba, Blantyre. Si Ukongoni wala Urundini. Mtoto wa huko akiandika katika insha, "Mimi nakaa Blantyre," mwalimu asiharakishe kuweka mstari mwekundu. Amuulize kwanza ni Blantyre ipi.