Neno Lenye Mwenyewe

Je, ujumbe wa simu waweza kuwafanya watu kuwa majirani? Wengine hujibu upesi: Ndiyo. Wengine, hasa wazee, husema kwamba simu imewafundisha vijana kuketi pamoja huku kila mmoja akitazama kiganja chake. Afadhali kutazama kwanza mambo yaliyotendeka.

Katika nchi ya Kenya, karibu na mji wa Nakuru, kuna mahali paitwapo Lanet Umoja. Mwaka 2012 walikaa huko watu wapatao 28,000, na chifu wao aliitwa Francis Kariuki. Tangazo likibandikwa ukutani au likingoja siku ya mkutano, habari huchelewa. Basi chifu huyo akawaandikia watu wake kwa njia ya Twitter, mtandao ambao tangu mwaka 2023 waitwa X. Siku zile tangazo moja halikuweza kupita herufi 140, na hata wenye simu za kawaida waliweza kulipokea kama ujumbe mfupi.

Siku moja, saa kumi ya usiku, chifu akaletewa habari kwamba wezi wameingia nyumbani kwa mwalimu. Akaandika. Baada ya dakika chache majirani wakawa wamesimama nje ya nyumba ile, na wezi wakakimbia. Siku nyingine kondoo alipotea. Tangazo likaeleza rangi yake na kumtaja mwenyewe, naye akapatikana upesi. Hata mzee aliyetumbukia katika shimo la choo aliokolewa kwa njia hiyo.

Watu wa mbali waliposikia habari hizi wakausifu mtandao. Ndivyo walivyo watu: wakiona mti umeanguka, husifu shoka na kumsahau mkataji. Lakini maandishi hayana mikono ya kumtoa mzee shimoni. Tena usiku wa Nakuru una baridi, na mwizi huenda ana panga. Mtu aliyekwisha kusoma angaliweza kugeukia ukuta, na asubuhi akajidai kwamba simu yake ilikuwa imezimika. Nani angalimjua? Zamani mtu aliyelala mbali alikuwa na udhuru wa kweli, maana hakusikia kelele. Simu imemwondolea udhuru huo. Haikumfanya kuwa mwema; imemwekea wajibu mlangoni pake, naye mwenyewe achague kuufungulia au kuuacha nje.

Walakini kuamka peke yake hakutoshi. Huko India, katika jimbo la Maharashtra, kuna kijiji kiitwacho Rainpada. Kwa siku nyingi watu wa sehemu zile walikuwa wakipelekeana kwa WhatsApp habari za uongo, kwamba wezi wa watoto wanazunguka vijijini. Tarehe 1 Julai 2018, siku ya soko, wakafika wageni watano, watu wa jamii ya wahamaji, ambao hali yao ni kuomba sadaka wakienda mji kwa mji. Wenyeji wakawashuku. Wakawakamata, wakawafungia katika ofisi ya kijiji, wakawapiga hata wakafa wote watano. Nao watu wa Rainpada waliamka upesi, nao walisimama pamoja, nao walidhani wanawalinda watoto wao.

Basi tofauti iko wapi? Huko Lanet neno lilikuwa na mwenyewe. Chifu aliliandika kwa jina lake, akakaa palepale. Kama angalidanganya, kesho yake watu wangalimwendea na kumwuliza. Tena alitaja kondoo wa mtu fulani na nyumba ya mtu fulani, mambo ambayo msikiaji aweza kwenda kuyaona kwa macho. Habari ya Rainpada haikuwa na mwenyewe. Kila mtu aliipokea, akaipitisha, akasema moyoni: Nimeletewa tu. Lakini mtu akimpelekea jirani chungu asichokijua kilichomo, na jirani akala akafa, haitoshi kusema: Si mimi niliyepika.

Wazee wa Kongo walilifahamu jambo hili. Kwa Walokele, karibu na Kisangani, kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma, na habari ilipopigwa ilimtaja anayeitwa na anayeita. Ng'ambo ya mto watu walisikia ni nani asemaye kabla hawajasikia asemalo.

Mwezi uleule wa Julai 2018 wenye WhatsApp walizuia watu wa India wasiweze kupeleka ujumbe mmoja kwa makundi zaidi ya matano kwa mara moja. Mwaka 2019 wakaweka sheria hiyo duniani kote. Ni jambo jema, maana mwendo wa uongo hupungua. Lakini uongo ukipelekwa kwa makundi matano ungali uongo, na anayeubonyezea kidole ndiye shahidi wake, apende asipende.

Wasio na simu je? Hapo mwanzo waliomfuata chifu wa Lanet kwenye mtandao walikuwa mia chache tu, lakini kwa makadirio yake maneno yake yaliwafikia maelfu, maana waliosoma waliwaambia wengine. Pengine hawa wasio na simu hawakupungukiwa sana. Waliletewa habari na mtu wanayemjua uso, na waliweza kumwuliza palepale: Ndugu, ni nani aliyesema hivi?